Mtaro Ulioishia Mlangoni kwa Dobi

Dobi aliwasha mkaa, akaupuliza, akaupanga ndani ya pasi. Alitandika blanketi kuukuu juu ya meza, akachukua shati la kwanza. Lilikuwa jeupe kabisa. Kola yake ilisimama vizuri kwa wanga. Dobi aliligeuza huku na huku, akatabasamu. Kazi yake aliijua.

Wateja wake wengi waliishi mlimani. Huko kulikuwa na nyumba kubwa, mageti na bustani. Dobi na familia yake waliishi bondeni, chini kabisa ya mlima huo. Huku nyumba zilibanana. Ukuta wa mtu ulikuwa ukuta wa jirani yake. Ukikohoa, jirani anakupa pole.

Kufua hakukumshinda Dobi. Kupiga pasi hakukumshinda. Kilichomshinda ni njia ya kurudishia nguo, maana njia yenyewe ilikuwa tope tupu.

Zamani haikuwa hivyo. Ilikuwa njia ya vumbi, na mvua ikinyesha ilikauka upesi. Kisha halmashauri ikajenga barabara ya lami mlimani. Ilikuwa barabara nzuri, hakuna aliyebisha. Ilikuwa na taa. Ilikuwa na mitaro ya zege pande zote mbili. Mvua ikinyesha, maji yote ya mlimani yaliingia kwenye mitaro hiyo, yakashuka kwa kasi mpaka pale nyumba za bondeni zinapoanza.

Hapo mtaro uliishia. Uliishia ghafla, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Maji yalimwagika kwenye njia ya watu. Kutoka njiani yaliingia majumbani.

Asubuhi hiyo pia mvua ilikuwa imenyesha. Dobi alifunga mashati ndani ya shuka safi, akajitwika mzigo kichwani. Alivua viatu, akavishika mkononi.

"Tulia tu," mume wake alimwambia. "Pita pembeni, taratibu."

Mume wake alikuwa fundi viatu. Majirani walimwita Tulia, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Paa likivuja, tulia. Mtoto akiumwa, tulia. Mkaa ukipanda bei, tulia.

"Pembeni wapi?" Dobi aliuliza. "Nionyeshe huko pembeni, nipite. Mimi naona tope la kushoto na tope la kulia."

Bibi, mama yake Tulia, alicheka kutoka chumbani. "Mwanangu, mkeo hakuomba utulivu. Kaomba njia."

Dobi alitoka. Alipita juu ya mawe ambayo majirani waliyapanga. Jiwe moja likacheza. Mguu ukateleza, mzigo ukaenda zake. Mashati yaliyong'aa kama karatasi yalilala kwenye tope.

Dobi hakulia. Alisimama hapo hapo, mikono kiunoni, akayatazama. Kisha akayaokota moja moja, akarudi nyumbani kuyafua upya. Alikuwa amepoteza maji, sabuni, mkaa na siku nzima. Na mteja mmoja alipiga simu kusema kwamba amepata dobi mwingine.

"Basi," Dobi alimwambia mumewe. "Leo naenda halmashauri."

"Tulia kwanza. Diwani alisema..."

"Usinitajie diwani!"

Diwani walikuwa wanamjua vizuri. Kila mafuriko alikuja akiwa amevaa buti za mpira. Alipigwa picha akiwa amesimama majini, uso ameukunja kwa huruma. Kila mara alisema maneno yale yale: "Ndugu zangu, nimewasikia. Suala lenu liko mezani."

Safari ya mwisho Bibi alikuwa amemuuliza, "Hiyo meza yenu ni ya mbao gani, mwanangu? Maana imebeba mambo yetu muda wote huu na haijavunjika."

Watu walicheka. Diwani naye alicheka. Kisha akaondoka na buti zake.

Dobi alikwenda halmashauri. Kwenye ofisi ya barabara alimkuta kijana anakunywa chai.

"Hilo si letu, mama," kijana alisema. "Sisi ni barabara. Nenda ofisi ya maji."

Dobi akaenda ofisi ya maji.

"Sisi ni maji safi ya bomba," walisema wa huko. "Hayo ya kwako ni maji machafu. Jaribu ofisi ya usafi."

Dobi akaenda ofisi ya usafi.

"Hapa tunashughulika na taka ngumu," alisema dada mmoja bila kuinua macho.

"Dada yangu," Dobi alisema, "tope si gumu na si maji. Sasa niambie, ofisi ya tope iko ghorofa ya ngapi?"

Dada yule aliguna kidogo, akamwambia arudi wiki ijayo. Dobi akarudi wiki iliyofuata. Alimkuta mtu mwingine. Huyo naye akampeleka ofisi ya barabara. Kijana wa barabara alikuwa bado anakunywa chai.

Dobi alirudi nyumbani amechoka kuliko siku ya kufua mapazia. Hakuwa na hamu ya kuongea. Tulia alifungua mdomo, akamwona uso, akaufunga.

Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha mchana. Maji yalijaa uani. Bibi alikuwa anakwenda chooni. Hakuona shimo, maana maji yalikuwa yamelifunika. Aliingia mguu mzima, akaanguka kwa ubavu. Dobi alisikia ukelele akatoka mbio.

"Usiniguse hapo," Bibi alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mguu umekataa."

Walipiga simu hospitali. Gari la wagonjwa lilikuja haraka. Lilishuka mlimani vizuri kabisa, likafika mwisho wa lami, likasimama. Dereva alitazama tope, akatikisa kichwa.

"Hapa siwezi kushuka, mama. Nikiingia sitoki. Mleteni mgonjwa juu."

Basi walimleta. Tulia na majirani waling'oa mlango wa chumba, wakamlaza Bibi juu yake, wakambeba. Maji yaliwafika magotini. Waliteleza, wakashikana, wakaendelea. Bibi alifumba macho na kuuma upindo wa khanga yake. Hakulalamika hata mara moja, na hilo lilimuumiza Dobi zaidi.

Daktari alisema mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Bibi alifanyiwa upasuaji. Alikaa hospitali muda mrefu. Aliporudi nyumbani hakuweza kutembea bila kushikwa. Alikaa kitandani akitazama ukuta, ambao ulikuwa na mstari wa kahawia. Mstari huo ulionyesha maji yalipofika.

Safari hii hata Tulia hakusema tulia.

Miongoni mwa wateja waliobaki, mmoja alikuwa mwanamke aliyefanya kazi halmashauri. Watu walimwita Injinia. Alikuwa na heshima na hakuchelewesha malipo. Dobi alimpelekea nguo zake Jumamosi. Injinia alikunjua shati moja, akaligeuza.

"Mama Dobi, jamani! Hili shati lina tope kwenye mkono. Si mara ya kwanza."

Dobi alikuwa amekwisha kuzoea kuomba radhi. Mdomo wake ulijua maneno ya kuomba radhi. Lakini siku hiyo maneno mengine yalitoka.

"Hilo tope si langu, Injinia. Ni lako."

"Langu kivipi?"

"Maji ya kwenu yanashuka kwenye mtaro wenu, yanakuja kumwagika mlangoni kwangu. Mimi nafua nguo zenu, halafu napita kwenye maji yenu kuzirudisha. Mama mkwe wangu kavunjika mguu kwenye maji hayo hayo. Sasa unaniuliza mimi kuhusu tope?"

Injinia aliliweka shati chini. Naye alikuwa amekasirika.

"Mama Dobi, nisikilize na mimi. Kabla ya kujenga barabara hii tuliitisha kikao cha wananchi. Tulikaa, tukasubiri. Hakuna hata mtu mmoja wa bondeni aliyekuja. Mlikuwa wapi?"

"Kikao gani? Mlikifanyia wapi?"

"Ukumbi wa hoteli, huku juu."

"Lini?"

"Siku ya kazi, asubuhi. Tulitangaza kwenye gazeti na kwenye mtandao."

Dobi alicheka, lakini si kwa furaha.

"Asubuhi ya siku ya kazi mimi nina mikono ndani ya beseni. Mume wangu ana sindano mkononi. Siku tusipofanya kazi, hatuli. Na gazeti, Injinia, huku kwetu gazeti tunaliona likiwa limefungiwa misumari dukani. Mlituita kwa sauti ambayo mlijua haitatufikia."

Injinia aligeuka. Alitazama barabara yake nzuri iliyokuwa ikishuka mlima. Kutoka pale getini mwisho wake haukuonekana.

"Huko chini sijawahi kufika mvua ikinyesha," alisema hatimaye. "Nilifika kiangazi tu, kupima."

"Basi njoo mvua ikinyesha."

Alikuja. Alikuja siku ya mvua, peke yake, na mwavuli uliogeuka ndani nje njiani. Alisimama pale mtaro ulipokatikia, akatazama maji yakiruka kwa nguvu. Aliona wanafunzi wamevua viatu, wameinua sketi na suruali. Wengine walikuwa wanarudi nyumbani kwa sababu hawakuweza kuvuka. Kisha akafika kwa Dobi, ameloa mpaka kiunoni.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Usiogope, kimeloa miguu tu, juu kikavu."

Injinia alikaa. Tulia alimletea chai. Alikuwa na swali ambalo lilimkaa kifuani siku nyingi.

"Injinia, kwa nini mtaro uliishia pale? Zege liliisha?"

"Hapana, baba. Uliishia pale pale tulipopanga uishie."

Tulia aliweka birika chini. Maji yalikuwa yakivuma nje.

"Nitawaeleza ukweli," Injinia aliendelea. "Tunapopanga mradi, tunajiuliza: tukijenga hapa, tutaokoa mali ya thamani gani? Nyumba kubwa ya mlimani ikiingia maji, hasara yake kwenye hesabu ni kubwa. Chumba cha bondeni kikiingia maji, hasara yake inaonekana ndogo. Kwa hiyo mlimani panashinda. Mradi ukija mwingine, panashinda tena. Pia tunahesabu magari. Mahali penye magari mengi panapata barabara kwanza. Huku kwenu hatukuona magari."

"Hamkuona magari kwa sababu hakuna barabara!" Dobi alisema.

"Ndiyo hivyo. Tulitafuta magari mahali ambapo gari haliwezi kupita."

"Na watu wanaotembea kwa miguu?"

"Hatukuwahesabu."

Bibi aliinua kichwa. "Na huu mguu wangu, mwanangu? Uko kwenye hesabu gani?"

"Haumo popote, mama," Injinia alisema kwa sauti ya chini. "Hilo ndilo kosa letu. Siku za shule zinazopotea, homa za watoto, kazi iliyoharibika, mtu aliyevunjika, yote hayo ni hasara. Lakini hayana mtu wa kuyaleta kwenye kikao."

Tulia alikuna kidevu. "Kwa hiyo haki ni kila mtaa upate mtaro sawa na mwingine?"

"Hapana, baba. Mkipata mtaro wa ukubwa ule ule wa mlimani, utafurika. Ninyi mnapokea maji yenu na maji ya wenzenu. Anayebebeshwa zaidi ndiye anayestahili kujengewa zaidi. Huo si upendeleo."

"Sasa tufanye nini?" Dobi aliuliza. "Nimezunguka ofisi zenu mpaka soli ya kiatu imekwisha. Na mume wangu ni fundi viatu!"

Injinia alicheka kwa mara ya kwanza. Kisha alieleza. Halmashauri hupanga bajeti yake kila mwaka. Kabla ya bajeti kupitishwa, kila mtaa una haki ya kupendekeza miradi kupitia kikao cha wakazi. Bajeti ikishapitishwa, kelele haziongezi kitu mpaka mwaka unaofuata. Na mtu mmoja mmoja akienda ofisini, analetwa huku, anapelekwa kule. Mtaa mzima ukikaa kikao na kuamua, diwani analazimika kulipeleka suala mbele.

"Ombeni kikao kifanyike hapa hapa," alisema. "Chagueni siku na saa ambayo ninyi mna nafasi. Ni haki yenu, si fadhila. Na msiseme tu 'tunataka mtaro'. Semeni maji yamewafanya nini."

Dobi alidhani sehemu ngumu ilikuwa imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilianza. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anaogopa.

"Tutaonekana wakorofi," alisema. "Hawa wakubwa ukiwaudhi, hata kile kidogo hupati."

"Kidogo kipi, mwenyekiti?" Dobi alimuuliza. "Nitajie kimoja tu."

Mwenyekiti alifikiri. Alifikiri sana. Mwishowe alikubali kuitisha kikao.

Majirani nao walikuwa wamechoka. Dobi alibisha hodi mlango kwa mlango.

"Vikao tumekaa vingi," alisema mmoja. "Tunatoka na soda tu."

"Safari hii hata soda hakuna," Dobi alijibu. "Njoo na kiti chako."

"Mimi ni mpangaji," alisema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Nyumba si yangu. Nitasema nini?"

"Maji yakiingia, yanauliza nani mpangaji?"

Yule mama alicheka, akasema atakuja.

Kikao kilifanyika Jumapili alasiri kwenye uwanja wa shule. Watu walikuja na viti, vigoda na ndoo za kugeuza. Wasichana wakubwa waliwachezesha watoto pembeni, ili mama zao wakae kwa utulivu. Tulia na jirani yake walimbeba Bibi na kiti chake, wakamweka mbele.

Diwani alifika, akasimama, akakohoa. "Ndugu zangu, nimewasikia..."

"Bado hatujasema," Bibi alimkatiza. "Kaa kwanza, mwanangu. Ukishasikia ndiyo useme umesikia."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Diwani alikaa.

Halafu watu wakasema. Mpangaji mwenye mtoto mgongoni alisimama. Alisema alijifungua msimu wa mvua, mkunga akamfikia kwa kuchelewa, na mtoto wa kwanza hakuishi. Huyu wa mgongoni ni wa pili. Hakulisema hilo kwa kulia. Alilisema, akakaa. Mwalimu alisema darasa lake hubaki nusu tupu kila mvua inaponyesha. Muuza duka alieleza unga wake ulivyooza. Kijana mmoja anayetembea kwa magongo alisema msimu wa mvua huwa hatoki ndani kabisa, ni kama amefungwa jela bila kosa.

Injinia alikuwepo. Aliandika kila neno. Diwani hakupiga picha.

Kikao kiliamua kwa sauti moja: mtaro uendelee kupita bondeni, na juu yake au kando yake iwepo njia ya kupita watu na gari la wagonjwa. Safari hii uamuzi ulikwenda halmashauri kabla bajeti haijafungwa. Dobi na wenzake waliufuata. Kila walipoambiwa "rudini wiki ijayo", walirudi wakiwa wengi zaidi. Yule kijana wa chai aliwaona mlangoni mpaka akaanza kuwaamkia kabla hawajaingia.

Mradi uliingia kwenye bajeti. Bondeni watu walipiga vigelegele.

Lakini furaha haikudumu. Injinia alikuja na ramani, akaikunjua juu ya meza ya pasi. Mstari wa bluu ulionyesha mtaro mpya. Ulinyooka kama uzi. Dobi alifuata mstari kwa kidole, akasimama.

"Hapa ni wapi?"

Injinia alisita. "Hapo ni... vyumba hivi. Safu yenu yote. Mstari mnyoofu ndiyo rahisi zaidi kujenga."

"Yaani mtaro unapita chumbani kwa Bibi?"

"Nyumba zitapisha mradi."

"Injinia," Dobi alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli kweli, "mnataka kutuondolea maji, au mnataka kutuondoa sisi?"

Injinia alikunja ramani nusu, akaikunjua tena. Alionekana naye amechoka. "Njia nyingine ipo. Ni huku nyuma, kando ya ukuta wa kiwanda cha sabuni. Pana nafasi wazi. Lakini mwenye kiwanda hataki. Ana mawakili."

"Kumbe! Mtaro unaogopa ukuta wa tajiri, chumba cha mgonjwa hauogopi."

Injinia aliinuka. Alikwenda na ramani yake. Baadaye walisikia kwamba alibishana na wakubwa wake mpaka akatolewa nje ya kikao. Wakazi nao hawakukaa kimya. Walimwita diwani kwenye uwanja wa shule. Walimwambia kwamba ile nafasi ya nyuma ni ardhi ya umma, kiwanda kinaitumia tu kuegesha malori. Safari hii diwani alisikiliza, labda kwa sababu uchaguzi ulikuwa umekaribia. Sababu yoyote, alisikiliza.

Kwenye ramani ya pili mtaro ulipita kando ya ukuta wa kiwanda. Nyumba chache tu zingeguswa. Wakazi walitaka kitu kimoja zaidi: wenye nyumba hizo walipwe fidia kabla tofali la kwanza halijavunjwa, na wapangaji wao wapate mahali pa kukaa kwanza. Halmashauri ikakubali. Iliandikwa, ikasomwa kwa sauti kwenye kikao uwanjani, mbele ya kila mtu, kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa.

Watu walianza kuinuka. Kikao kilikuwa kimekwisha. Hapo Tulia akasimama. Tulia, ambaye hakuwa amesema neno kwenye kikao chochote.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Mwisho wa mtaro huu uko wapi?"

Injinia alionyesha. Mtaro uliishia mpakani, mtaa wa bondeni unapokwisha. Mbele yake kulikuwa na mtaa mwingine, chini zaidi, na baada ya hapo mto.

"Kwa hiyo maji yatamwagika kwa wale?"

"Bajeti ya mwaka huu inafika hapo, baba."

"Basi mimi nakataa," Tulia alisema.

Watu walishangaa. Dobi alimvuta shati. "Baba watoto, tulia!"

"Leo situlii. Mama yangu tulimbeba juu ya mlango. Kuna mama wa mtu mwingine huko chini. Tukikubali hivi, tutawafanyia wenzetu kile kile tulichofanyiwa na watu wa mlimani."

Wengine walinung'unika. Walikuwa wamesubiri mno, na sasa huyu fundi viatu anataka wasubiri tena! Walibishana mpaka jua likapungua. Mwisho walifikia jambo: ujenzi uanzie chini, mtoni, ukipanda kuja juu. Kama bajeti haitatosha mwaka huo, kipande cha mwisho kitakuwa cha kwao wenyewe, na kitamaliziwa mwaka utakaofuata. Dobi alinyoosha mkono kukubali, lakini aliunyoosha akiwa ameuma meno. Msimu mmoja zaidi wa tope! Usiku huo hakumsemesha mumewe. Asubuhi alimpikia uji kama kawaida, akauweka mezani kwa kishindo kidogo.

Kazi ilianza. Mkandarasi alitaka kuja na vibarua wake wote kutoka mbali. Wakazi walidai vijana wa bondeni na wa mtaa wa chini wapewe kazi kwanza, wanawake pia. Wakazi pia waliunda kamati, wengi wao wanawake, Dobi akiwemo, na kamati hiyo ilikuwa inapita kila siku kutazama. Siku moja waliona zege limechanganywa na mchanga mwingi mno, linamomonyoka kwa kidole. Walisimamisha kazi, wakamwita Injinia. Kipande kile kilivunjwa, kikajengwa upya. Mkandarasi alifoka kwamba hajawahi kuona wanawake wasumbufu namna hiyo.

"Na bado," Dobi alimjibu.

Msimu wa mvua ulipita. Walikanyaga tope tena, wakilaani na kuhesabu mawe. Kisha kipande cha mwisho kikajengwa. Mtaro wa mlimani uliungana na wa bondeni, na wa bondeni ukashuka mpaka mtoni. Ulikuwa mpana na wa kina. Ulifunikwa mifuniko ya zege. Kando yake kulikuwa na njia ya matofali yenye ukingo wa kushikilia. Gari la wagonjwa lilijaribiwa: lilishuka, likageuza, likapanda.

Mambo hayakunyooka yote. Watu wengine walianza kutupa taka mtaroni, na kamati ikalazimika kupita ikigombana nao. Mfuniko mmoja ulipasuka, na halmashauri ikachelewa kuubadilisha. Dobi alipiga simu, akapiga tena, mpaka ukabadilishwa. Alijua sasa kwamba kitu cha umma kinataka kulindwa hata baada ya kujengwa.

Mvua ya kwanza kubwa ilianza mchana. Mawingu yalikuwa meusi. Watu wa bondeni walifanya walivyozoea: walipandisha magodoro juu ya meza, wakafunga unga kwenye mifuko, wakasimama milangoni wakitazama ardhi. Mvua ikashuka kama ndoo imepinduliwa. Walisikia ngurumo ya maji ya mlimani yanakuja. Dobi alishika fremu ya mlango.

Maji hayakuingia uani. Yalisikika tu yakipita chini ya mifuniko, kwa kishindo, yakielekea mtoni.

"Nitoeni nje," Bibi alisema.

"Mama, mvua hii!" Tulia alisema.

"Nimesema nitoeni."

Alitoka kwa mkongojo, hatua kwa hatua, Dobi akimshika mkono mmoja na Tulia akimfunika kwa turubai. Alikanyaga njia ya matofali. Alikwenda mpaka penye tundu lililofunikwa kwa wavu wa chuma, pale maji yanapoonekana chini. Majirani walimwona, nao wakatoka. Yule mpangaji alitoka na mtoto wake, ambaye sasa alikuwa anatembea mwenyewe.

Bibi aliinama kidogo, akayatazama maji yakikimbia.

"Piteni," aliyaambia. "Piteni zenu. Hapa hamna ndugu."

Watu walicheka mvuani, wameloa wote, hakuna aliyekimbilia ndani. Na maji yakapita.